Jibu la Watu wa Visikini

Vumbi likiungua juu ya chuma cha moto lina harufu yake. Wa rika langu wanaijua: ni harufu ya redio za zamani, zile zenye taa ndani, ukiziwasha baada ya kuziacha kimya muda mrefu. Mwezi uliopita fundi wa chuo aliingiza chombo cha namna hiyo darasani kwangu, kipaza sauti kizee kilichookotwa stoo, kwa sababu kile kipya kilikuwa kimekufa na wanafunzi wa nyuma walidai hawanisikii. Wa mbele wananisikia, na sijaona kama wanafaidika zaidi. Nilikuwa nafundisha historia ya mawasiliano, somo nililolifundisha miaka mingi kiasi kwamba naweza kulifundisha nimelala, na wapo wanaosema ndivyo ninavyofanya. Ngoma, moshi, njiwa, mjumbe wa miguu, mashine ya kuchapa, simu ya waya, redio, setilaiti. Kila kimoja kina jina la Mzungu aliyekivumbua, isipokuwa ngoma na moshi, ambavyo inaonekana vilijivumbua vyenyewe.

Fundi akawasha. Chombo kikanguruma, kikapata moto, vumbi likaungua. Nikashika maikrofoni ili niendelee kuwaeleza vijana jinsi redio ilivyowasogeza watu karibu na watawala wao, hasira ikanipanda, nikaiweka chini. Nikawaambia waende zao. Hawakuuliza mara mbili. Mie nikabaki nimekaa mbele ya kile chombo, mwanamke mzima mwenye miwani na shahada, nikikikodolea macho kama mtu aliyeniibia kuku.

Hasira hiyo ni ya zamani. Watu huniambia kwamba umri hupoza. Mie nimefika umri wa kutotaka ipoe.

Tulikuwa tunakaa Visikini. Msiitafute, haipo tena. Ilikuwa upande wa nje wa Temeke, unakoshuka kuelekea Kurasini, mahali ambapo waliotangulia walikuta shamba la minazi limekatwa na kuachwa visiki, wakajenga katikati ya visiki hivyo kwa miti, udongo na makuti. Aliyetangulia kuliko wote alikuwa Bibi yangu, Bi Zena, mama wa mama yangu. Alijenga na mume wake, na mume alipokufa akamzika nyuma ya nyumba, na baadaye akamzika hapo hapo mtoto wake wa kiume, mjomba ambaye sikuwahi kumwona. Makaburi yale mawili yalizungushiwa mawe ya tumbawe, na kazi yangu kila Ijumaa ilikuwa kung'oa majani yaliyoota kati ya mawe. Kwa hiyo niliposikia watu wazima wakisema "nyumbani" sikufikiria kuta. Nilifikiria yale mawe, jinsi yalivyonikwaruza vidole.

Habari za serikali, enzi hizo ya Mwingereza, zilitufikia kwa Mzee Mshamu. Huyu alitumwa na jumbe, mkuu wa mtaa aliyewekwa na serikali, akawa anapita mitaani na pembe yake ya ng'ombe, anapiga, watu wanatoka. Alikuwa mrefu, mwembamba, na kanzu yake ilikuwa fupi kiasi cha kuonyesha magoti, jambo lililotuchekesha sana watoto, naye alijua. Alikuwa akitutishia pembe. "Ntaliita jina lako humu, basi usiku utakojoa kitandani!" Tukakimbia, tukarudi.

Sasa sikilizeni vizuri utaratibu wake, maana humo ndimo kuna kila kitu. Mzee Mshamu akishasema alichotumwa, alikuwa haondoki. Aliletewa maji, akakaa. Watu walijadiliana. Kama mtaa una neno la kujibu, walimchagua mmoja alisimamie, naye akamwambia Mzee Mshamu. Mzee Mshamu akalirudia kwa sauti, watu wote wakisikia, na akikosea anasahihishwa. Akishalirudia sawasawa, alisema: "Imefika." Hapo ndipo alipoinuka. Maana ya neno hilo ni kwamba mzigo umetoka mabegani mwenu, uko mabegani mwake, na ole wake akiudondosha njiani. Baada ya hapo kulirudia jibu lilikuwa jambo la aibu. Ukienda mwenyewe kwa jumbe kusema kilekile, umemwita mjumbe mwongo mbele za watu.

Sijui walijibiwa mara ngapi walivyotaka. Pengine si mara nyingi. Jumbe naye alikuwa na wakubwa wake, na wakubwa wake walikuwa na wakubwa wao, mpaka ng'ambo ya bahari. Lakini jibu lilipokelewa. Mtu alilibeba.

Halafu lilikuja gari.

Lilikuwa la rangi ya kijani kibichi kama bamia, na juu ya paa lilikuwa na pembe kubwa la bati limeelekea mbele. Ndani alikaa dereva na kijana mmoja karani, mtu wa bara, shati jeupe limepigwa pasi mpaka likakata. Hatukumjua jina. Baadaye tulimwita Bwana Tangazo. Gari lilisimama mbele ya nyumba yetu kwa sababu mbele ya nyumba yetu ndipo palipokuwa pana, likakaa kidogo, ikatoka ile harufu, kisha likasema.

Wenzangu mliokuwa wadogo kama mie, mnajua nilichohisi. Sauti ilinipita tumboni. Kuku waliingia uvunguni. Bi Somoye wa jirani, aliyekuwa anakuna nazi, alisimama na mbuzi yake mkononi akasema, "Yallah, nani tena huyu?"

"Tangazo! Tangazo! Watu wa Visikini, sikilizeni."

Tukasikiliza, maana hapakuwa na namna nyingine. Tangazo lilisema kwamba serikali inaihitaji ardhi yote kuanzia mfereji hadi barabara iendayo Kurasini, kwa ajili ya maghala. Nyumba zote zitavunjwa baada ya mvua za masika. Kila mwenye nyumba atapewa fidia kidogo na kiwanja kingine huko Mbagala. Kisha pembe lile likasema maneno ambayo ningeweza kuyaimba mpaka leo: "Serikali inapenda kusikia kutoka kwenu. Mwenye neno, na aseme."

Mbagala wakati huo ilikuwa pori. Tulikuwa tukitishiwa Mbagala tunapokataa kuoga.

Mwenye neno, na aseme. Mie leo najua maneno hayo yalitoka wapi. Yaliandikwa na mtu mezani, kwa lugha yake, kwa sababu sheria yao iliwataka waandike hivyo, kisha yakageuzwa Kiswahili na mtu mwingine aliyetaka kwenda kula. Aliyeyaandika alikuwa na maana ya barua, muhuri, dirisha fulani katika ofisi fulani mjini. Lakini hayo hayakutangazwa. Kilichotangazwa ni: na aseme.

Basi wakasema.

Wanawake walikusanyika barazani kwetu, na wanaume waliokuwepo, maana wengi walikuwa bandarini kazini. Walijadiliana. Karani alikuwa anafuta jasho, dereva anavuta sigara. Bi Somoye alimpelekea karani maji kwenye kata, akanywa, akashukuru. Aliyanywa yale maji. Hilo nalisema kwa sababu kwetu mjumbe akinywa maji amekubali kungoja jibu.

Wakamchagua Bibi.

Bibi alikuwa mfupi. Pembe lilikuwa juu ya paa la gari. Ikabidi utafutwe utaratibu. Wengine walisema paletwe kiti, kiti kikawa kibovu. Mwishowe wakaleta kinu, wakakipindua, Bibi akapanda juu yake, Mama akamshika kiuno, Bi Somoye akamshika miguu.

"Msinitekenye," Bibi akasema.

"Nani akutekenye, kwani wewe mwari?" akajibu Bi Somoye. "Simama, mwana wee, usije ukatuangukia tukafa mimi na wewe, maghala yakapata nafasi mapema."

Watu wakacheka. Dereva naye akacheka. Karani aliutoa mkono wake kwenye kile chombo cha kusemea, akakaa akitazama, mlango wa gari uko wazi. Hakusema, "Bibi, shuka." Hakusema, "Bibi, siyo hapo." Alikuwa na umri wa miaka ishirini na kidogo, amesoma, anajua waya unaingilia wapi na kutokea wapi. Aliketi na akamtazama mwanamke mwenye umri wa bibi yake akipanda kinu.

Bibi akaingiza uso ndani ya pembe la bati, akasema jibu la watu wa Visikini.

Halikuwa refu. Alisema wamesikia. Alisema hawabishani na serikali kuhusu maghala, mizigo lazima ilale mahali. Alisema ng'ambo ya mfereji kuna uwanja mkubwa mtupu, hauna nyumba, hauna kaburi, mbuzi tu ndio wanaoujua. Basi maghala yajengwe huko. Hapa, alisema, tumezika. Akataja waliozikwa, nyumba kwa nyumba, na watu walimkumbusha aliosahau. Mle ndani ya bati sauti yake ilinenepa, ikawa kama ya mtu mwingine, mkubwa zaidi, na mie niliyesimama chini sikuwa na shaka hata chembe kwamba ilikuwa inakwenda.

Niseme nilivyoelewa. Mdomo wa mtu haufanani na pembe lile. Kinachofanana nalo ni sikio. Kwa hiyo kwa akili yangu lile lilikuwa sikio la serikali, lililokuwa pia linaweza kusema, kama jinsi pua inavyoweza kunusa na kupiga chafya. Niliamini kwamba mjini kuna pembe jingine kama hilo, juu ya meza ya Bwana mkubwa, na kwamba wakati ule ule Bibi anasema, Bwana mkubwa ameacha chai yake, anasikiliza, na majina ya maiti wetu yanamiminika mezani pake moja baada ya jingine. Nilimwonea fahari Bibi. Nikawaza kama Bwana mkubwa anasikia na kuku.

Bibi alipomaliza alingoja. Hakushuka kinuni. Alikuwa anangoja jibu lirudiwe.

Pembe likakaa kimya.

"Mbona halirudii?" mtu akauliza.

"Labda hili halirudii, ni la kisasa," akasema Bi Somoye. "Basi we kijana, sema imefika, mwenzio ashuke, miguu inamwuma!"

Na watu wengine wakadakia, "Sema imefika! Sema imefika!"

Karani akamtazama dereva. Dereva akageukia pembeni, mabega yanatikisika. Karani akatabasamu, akawasha chombo chake, na pembe likasema mbele ya uso wa Bibi, kwa sauti iliyomfanya afumbe macho: "Imefika, Bibi. Imefika."

Wakapiga vigelegele. Gari likaondoka.

Masika yalikuwa na vita moja tu nyumbani kwetu, kati ya Mama na Bibi. Mama alikuwa anafulia nguo kwa Wazungu upande wa mjini, na huko alizungumza na mpishi, na mpishi alimwambia kwamba maneno ya namna hiyo hupelekwa ofisini, mtu aende mwenyewe, na yana muda wake, ukipita umepita. Mama alirudi amelowa, hata hakufuta miguu.

"Mama, twende mjini. Kesho. Ntaomba ruhusa."

"Kufanya nini?"

"Kusema neno letu."

"Neno letu tumelisema."

"Tumelisema kwenye bati, Mama!"

"Ulikuwepo. Ulinishika kiuno. Yule kijana alisema imefika."

"Na kama hakupeleka?"

Bibi aliacha kuchambua mchele. Sijasahau alivyosema, maana hakupandisha sauti. "Amekunywa maji yetu, amesema imefika. Leo niende mjini nikasimame mbele ya wakubwa zake niseme neno lile lile. Watamwuliza, wewe, hukulileta? Nimwite mtoto wa mwenzangu mwongo? Huenda ana mama yake huko bara anamtegemea."

Nilikuwa upande wa Bibi kwa nguvu zangu zote. Wenzangu walinikuta nikieleza jinsi pembe linavyofanya kazi, nikitumia mtungi na kamba.

Wala Bibi hakuwa mjinga. Hapa ndipo hasira yangu inapokaa kwenye kiti chake cha kwanza. Nimesikia watu wasomi wakisimulia visa vya namna hii kwa vicheko: mzee aliyezungumza na redio, ajuza aliyevaa vizuri ili aonwe na msoma taarifa ya habari. Nimecheka nao, kwenye tafrija, glasi mkononi. Lakini hebu hesabuni vyombo alivyovijua Bibi. Alijua pembe ya Mzee Mshamu: inasema, na mwenye pembe anasikia. Alipokuwa msichana aliziona nguzo za simu za Mdachi zikipita kandokando ya pwani, na walikuwapo watu waliokata waya wakajifulia bangili, wakachapwa viboko kwa ajili hiyo. Yeye mwenyewe aliwahi kuegemeza sikio kwenye nguzo akasikia inavuma. Akaambiwa neno linakwenda kwa waya ule mpaka Bagamoyo, na majibu yanarudi kwa waya ule ule. Aliijua simu ya dukani kwa Mhindi: unasema humu, unasikia humu. Alijua barua: unaandikiwa, unaandika. Katika maisha yake yote, kila kitu kilicholeta neno kilirudisha neno. Kwa nini aamini kwamba mtu mwenye akili timamu ametumia fedha na maarifa kutengeneza chombo cha kwanza duniani kilicho na mdomo tu?

Vitabu ninavyofundishia havina sura inayohusu jambo hili. Vinahesabu kasi. Mjumbe wa miguu siku kadhaa, farasi pungufu, waya kufumba na kufumbua, redio kabla hujafumba. Haviulizi neno linarudije. Na liko jambo baya zaidi. Rafiki yangu mmoja mhandisi, nilipomsimulia habari ya kinu, hakucheka, akaniambia kwamba spika na maikrofoni ni ndugu. Ndani yake kuna kitu kile kile, sumaku na waya uliosokotwa. Spika, ukiiunganisha waya upande wa pili, inasikia. Haisikii vizuri sana, alisema, lakini inasikia. Kwa hiyo lile pembe liliweza. Sauti ya Bibi iliingia mle, ikatikisa kile chuma chembamba, ikazalisha umeme kidogo kama wa kimulimuli, ukapita kwenye waya, ukafika mwisho wa waya, ukakuta hakuna aliyeunganisha kitu. Nilimwomba abadilishe mazungumzo.

Mvua zilipokatika lilikuja lile gari la kijani, na nyuma yake lori la vibarua wenye mitaimbo na kamba, na nyuma ya lori gari dogo lenye Mzungu. Mzungu hakushuka. Alikuwa na kiko na kofia, na alikuwa anasoma kitu. Yeye namchukia bila shida, kama mtu anavyoichukia mvua. Hanisumbui. Anayenisumbua ni yule mwingine.

Ilikuwa asubuhi, jua bado jembamba. Pembe likatangaza kila mtu atoe vyombo vyake. Bibi akatoka, amejifunga khanga kiunoni, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye mlango wa gari, mie nyuma yake.

"Kijana, neno letu lilijibiwaje?"

"Neno gani, Bibi?"

"Tulilokupa hapa hapa."

Karani akazima chombo chake. "Bibi, ofisini hakuna neno. Wanasema watu wa hapa hawakuleta pingamizi. Hata mmoja."

Nyuma yetu watu walianza kuguna. Bi Somoye akasema, "Huyu vipi? Nimeishika miguu mwenyewe!"

"Nilisimama juu ya kinu," Bibi akasema. "Ukasema imefika."

"Bibi, ile ni spika." Alisema kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto. "Spika haisikii. Inasema tu."

Nikalitazama pembe. Nikaona ni bati. Sijui niseme vipi zaidi ya hivyo. Muda mfupi uliopita lilikuwa sikio, na sasa lilikuwa bati, na kutu ilikuwa imeanza kwenye ukingo.

Bibi naye alilitazama. Kisha akarudisha macho kwa karani.

"Haya. Chuma hakina masikio. Na wewe?"

"Mimi?"

"Ulikuwa umekaa hapo hapo ulipokaa. Mlango wazi. Ulinisikia?"

Angeweza kusema hapana. Nimempa nafasi hiyo mara nyingi kichwani mwangu, miaka yote hii, aseme hapana, kulikuwa na kelele, injini ilikuwa inanguruma. Hakusema hapana.

"Nilisikia, Bibi."

"Ulisikia nini?"

"Ulisema kuna uwanja mtupu ng'ambo ya mfereji. Ulisema hapa mmezika. Ulitaja majina."

Alikuwa amelihifadhi lote. Mzee Mshamu mwenyewe asingelirudia vizuri zaidi.

"Basi mbona hukulifikisha?"

"Mimi nilitumwa kusema, Bibi," akasema. "Sikutumwa kusikia."

Nimesoma sana tangu siku hiyo. Nimesoma habari za dola na habari za mashine, na watu werevu wanaoeleza jinsi dola na mashine zinavyosaidiana, kurasa mia nne, maelezo chini ya ukurasa. Sijakutana na sentensi iliyomaliza kazi yote namna ile. Tena aliisema bila ubaya. Alikuwa anaeleza mipaka ya kazi yake.

Mama alisimama karibu. Alikuwa na haki ya kusema kitu kwa Bibi, masika mazima ya haki, na hakusema. Alimshika mkono akamrudisha ndani, wakaanza kutoa vyombo: kitanda cha kamba, mitungi, sanduku, mikeka, kinu kile kile. Mlango Bibi aliung'oa mwenyewe na fremu yake, maana mlango ulikuwa wa mninga na aliupenda. Mie nilipewa kuku. Vibarua walifunga kamba kwenye nguzo za kona, wakafunga ncha kwenye lori. Nyumba ya miti na udongo haianguki kwa kishindo. Inakaa chini, kama mtu aliyechoka, kisha vumbi linapanda na huoni kitu. Makaburi hawakuyagusa siku ile. Walisema yatashughulikiwa. Leo hapo kuna ukuta wa ghala, na nimeshapita nikiutazama, nikijaribu kukisia ni chini ya sehemu gani.

Vumbi lilipotua, Bibi alijitwika furushi lake, tukaanza kuondoka. Njia ilipita kando ya gari la kijani. Karani alikuwa amesimama nje ya mlango sasa, ameshika maikrofoni kwa waya wake mrefu, anajiandaa kutangaza nyumba zinazofuata, shati lake jeupe limekuwa jekundu kwa vumbi la udongo wetu. Alipotuona akasogea pembeni atupishe. Na sijui ni malezi ya mama yake huko bara, au ni kile alichokuwa nacho kifuani asubuhi ile, lakini alipokuwa ana kwa ana na Bibi, maneno yalimtoka kabla hajakumbuka kilichokuwa mkononi mwake.

"Shikamoo, Bibi."

Chombo kilikuwa kimewashwa. Ilitoka kwenye pembe, kubwa, ikapita juu ya kuta zilizolala na zile zilizokuwa bado zimesimama, juu ya watu walioinama juu ya masanduku yao, ikaenda mpaka mferejini na ng'ambo ya mfereji kwenye ule uwanja wa mbuzi. Wazee wote wa Visikini waliisikia. Waliinua vichwa.

Bibi hakusimama, wala hakuharakisha. Alipita na furushi lake kichwani, mie na kuku wangu nyuma yake. Yule kijana akabaki amesimama na chombo chake mkononi, akiwa ameamkia mtaa mzima, na hakuna hata mmoja aliyemwitikia.